Kampasi Iliyoanzia Stoo ya Kahawa

Siku ya kuniaga, kipaza sauti kilizima nikiwa nimefika kwenye "Ndugu mkuu wa kampasi". Fundi akahangaika na waya, watu wakaangalia sahani zao za pilau, nami nikasema asanteni sana kwa sauti niliyopewa na Mungu, nikaketi. Baadaye vijana wawili wa idara yetu walinifuata nje wakasema, "Mama Bura, hotuba yako tumeikosa. Tuandikie basi." Nimechelewa, lakini ndiyo hii. Vyeo nitaviruka kwa sababu havikuwa vingi, na mishahara nitairuka kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa wasionijua, mimi ni Paskalina Bura, mzaliwa wa Qurus hapa Karatu, na maisha yangu yote ya kazi nilikuwa fundi sanifu wa maabara. Chuo kikuu chetu ni cha umma na makao yake makuu yako mbali na huku. Lakini ilionekana kwamba kanda yenye wakulima na wafugaji wengi namna hii haiwezi kuendelea kupeleka vijana wake safari ya siku nzima wakasomee ng'ombe mahali ambako ng'ombe ni wa kutafuta. Ndipo chuo kikapewa shamba la kahawa lililokuwa limeachwa, juu kidogo ya mji wa Karatu, nami nikaajiriwa nikiwa bado na cheti kinachonukia wino.

Asubuhi niliyoripoti kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Nilikuwa nimevaa sketi niliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo na viatu vya kuazima. Nilitegemea kuona geti, bendera, labda na bustani ya maua. Nikakuta stoo ndefu ya mabati yenye kutu, na mbele yake mwanaume mrefu mwenye buti za mpira, koleo mkononi.

"Shikamoo," nikamwambia. "Samahani, chuo kikuu kiko wapi?"

"Marahaba. Umeshafika."

"Namtafuta Dokta Shekiondo."

"Umeshampata." Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. "Koleo jingine liko pale nyuma ya mlango."

Hivyo kazi yangu ya kwanza chuo kikuu ilikuwa kukwangua kinyesi cha popo na maganda ya kahawa kwenye sakafu. Dokta Shekiondo, daktari wa mifugo aliyetumwa kuja kuanzisha idara, alikwangua upande mmoja nami upande wa pili, tukakutana katikati jioni. Alikuwa mtu wa Lushoto na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba hata akikugombeza ulitamani aendelee. Siku ile aliniuliza maswali mawili tu: kama naogopa ng'ombe, na kama naogopa kusema sijui. Nikamwambia ng'ombe siwaogopi. "Hilo la pili tutalifanyia kazi," akasema.

Meza za maabara tulizitengeneza kwa mbao za vichanja vya kuanikia kahawa. Dirisha la mashariki tulilipanua ili mwanga uingie, maana umeme ulikuwa bado unasikika tu kwenye vikao. Hadubini yetu ya kwanza ilikuja kwenye kiti cha mbele cha gari, imefungwa blanketi kama mgonjwa, na dereva alikalia ukingo wa kiti chake njia nzima ili isibanwe. Ilikuwa ya kioo: unakigeuza kioo kifuate jua, na wingu likipita unasubiri. Wenzangu mnaobonyeza kitufe na picha ikatokea ukutani, nawapenda, lakini hamtajua raha ya wingu kuondoka.

Dokta alinifundisha kazi upya. Nilitoka chuoni nikijua kuchukua damu, kuitandaza kwenye slaidi na kuipaka rangi. Yeye alinifundisha kuandika jina kwenye slaidi kabla damu haijaigusa. Nikimpelekea slaidi isiyo na jina aliitupa bila kuitazama, hata kama tumeitafuta toka asubuhi. Nilimnunia mara nyingi. Baadaye nilikuja kuwanunisha wengine vivyo hivyo, mkiwamo ninyi.

Wanafunzi wa mwanzo walikuwa wachache, wote wakienea kwenye mabenchi ya kanisa tuliyoazimwa na parokia. Walitoka Mbulu, Singida, Dodoma na hapa hapa. Mmoja, Emanueli, alizaliwa kwenye kambi ya vibarua wa shamba lile lile. Wazazi wake walitoka Singida kuja kuchuma, na mama yake alichambua kahawa miaka mingi ndani ya stoo ambamo sasa yeye alisomea mifupa ya ng'ombe. Siku mama yule alipokuja kututembelea alisimama mlangoni akavua ndala. Tukamwambia aingie nazo, akakataa. "Zamani nilikuwa nakanyaga kahawa ya tajiri," akasema. "Sasa mwanangu anasoma humu. Acheni nivue."

Mjini hawakutuelewa upesi. Kwa vile kila jengo jipya Karatu lilikuwa loji, madereva wa watalii walituletea wageni wakiulizia vyumba na maji ya moto. Vijana wengi walitaka ugaidi, yaani ule wa kuongoza watalii, na mjomba wangu mwenyewe aliniuliza, "Ng'ombe tunao nyumbani. Mtu anaenda chuo kikuu kumsomea nini?"

Jibu lilitafutwa kwa miguu. Dokta alikuwa na kanuni yake ya fildi, kwamba haruhusiwi mwanafunzi kumuuliza mtu swali kabla ya kufanya naye kazi. Tulipokwenda kijiji cha Kansay kwa mara ya kwanza, kijana mmoja wa Dodoma aliisahau. Akamwendea mama aliyekuwa akilima, akafungua karatasi zake na kusoma, "Je, mama, unafuga kwa mfumo gani?"

Yule mama akanyoosha mgongo. "Nafuga kwa mfumo wa kuchoka," akasema. "Shika jembe hilo."

Wanafunzi wote walilima naye hadi jua la utosi. Kisha mama akawapa ugali na maziwa ya mgando, akaanza kueleza: ng'ombe yupi anakamuliwa, majani yanatoka wapi kiangazi, korongo limekula kipande gani cha shamba na lilianza mwaka gani wa mvua kubwa. Alieleza hadi karatasi zikawaishia. Mwaka uliofuata wanafunzi wa kilimo walirudi kuchimba makinga maji juu ya lile korongo pamoja na majirani zake, na hadi leo makinga yale yapo. Mambo kama hayo ndiyo yaliyotupa jina Karatu, kuliko kibao tulichoweka barabarani, ambacho upepo uliking'oa mara kwa mara.

Sasa niwaeleze habari ya Olbalbal, ambayo wengi wenu mmeisikia nusu nusu.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Tuliondoka na wanafunzi wa mwaka wa pili kwa ajili ya mafunzo ya wiki nzima, tukapanda hadi geti la hifadhi, tukapita ukingo wa kreta tukiwa ndani ya ukungu na sweta, kisha tukateremka kwenye tambarare ambako sweta huikumbuki tena. Kila mahali watu walikuwa wakitembea na ng'ombe kufuata maji, na ng'ombe wenyewe unahesabu mbavu kwa mbali. Mwenyeji wetu huko Olbalbal alikuwa Mzee Saning'o, Mmaasai ambaye boma lake lilishawahi kutupokea. Mkalimani wetu alikuwa Naserian, mwanafunzi wetu, binti wa ukoo ule ule, msichana wa kwanza kutoka Olbalbal kusoma kampasi yetu.

Tulipofika, Naserian alikwenda kuinamisha kichwa kwa wazee, nao wakakigusa, kama ilivyo heshima yao. Mimi nilikuwa nikishusha masanduku nilipomwona ng'ombe. Alikuwa amelala ubavu nje ya boma, ametoka kufa, na wanaume wawili walikuwa wameanza kumchuna mguu wa nyuma. Watoto walikuwa wamekaa kando wakisubiri, kimya. Watoto wanaosubiri nyama kwa kawaida hawanyamazi.

Dokta Shekiondo alitembea kuelekea pale, kisha akasimama ghafla. Puani mwa yule ng'ombe kulikuwa na damu nyeusi, mbichi, isiyoganda.

"Wanafunzi wote nyuma ya gari," akasema, bila kupaza sauti. "Naserian, waombe waweke visu chini. Waombe, usiwaamuru."

Mnafahamu alichokuwa anahofia. Kimeta hakichezewi. Ukimpasua mnyama aliyekufa nacho unavimwaga vijidudu kwenye udongo, navyo vinakaa humo miaka na miaka, na mla nyama au mchunaji anaweza kuondoka navyo. Nilivaa glavu, nikatoboa sikio, nikachukua tone la damu. Nilitandaza, nikapitisha slaidi juu ya taa ya spiriti, nikapaka rangi ya buluu. Niliinama kwenye hadubini. Nilikigeuza kioo kifuate jua. Vilikuwapo: vijiti vya buluu vyenye ncha bapa, vimepangana kama mabehewa, kila kimoja na ganda lake la waridi.

"Dokta, njoo uone."

Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akamwendea Mzee Saning'o na kumweleza taratibu, Naserian akitafsiri, kwamba huyu ng'ombe ana kimeta, haliwi, hachunwi, anafukiwa na ngozi yake. Mzee alisikiliza huku akiegemea fimbo. Alipojibu, Naserian hakutafsiri mara moja.

"Anasemaje?" Dokta akauliza.

Naserian alikuwa anatazama chini. "Anasema emburuo anaijua. Ndilo jina lake kwetu. Anasema baba yake aliijua, na babu yake."

"Basi vizuri, tunaelewana."

"Hajamaliza, Dokta. Anasema alijua toka wiki iliyopita, alipokufa wa kwanza. Wakamchemsha muda mrefu sana, wakamla. Anauliza, unataka afukie chakula mbele ya hawa watoto, halafu jioni awaambie nini?"

Dokta Shekiondo alikaa chini, pale pale vumbini, na suruali yake ya kaki. Mzee naye, baada ya muda, akakaa. Wakawa wamekaa wanatazamana, na sisi wengine tumesimama.

Kisha Dokta akageuka. "Mama Bura, tumebeba chakula gani?"

"Unga, maharage, mchele kidogo na mafuta. Cha wiki."

"Shusheni."

"Chote?"

"Chote."

Nyuma yangu mwanafunzi mmoja akanong'ona, "Sisi tutakula nini?" Dokta akamsikia. "Karatu kuna hoteli nyingi," akasema. "Utachagua."

Tulishusha magunia, tukayapanga mbele ya nyumba ya mke mkubwa wa mzee. Mama yule alifungua gunia la unga, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa, akaenda kuwasha moto. Mzee Saning'o alisimama, akasema neno kwa wale wanaume wawili, nao wakaweka visu chini.

Wakati huo Naserian alikuwa anamwangalia mmoja wao, Lemburis, mdogo wake mzee. Akamshika mkono akaugeuza. Kwenye kigasha kulikuwa na kidonda chenye kigaga cheusi katikati na uvimbe pembeni. "Kinauma?" akamuuliza kwa Kimaasai, kisha akatugeukia. "Anasema hakiumi hata kidogo, kinawasha tu. Ndiye aliyemchuna wa kwanza." Alikuwa ametoka kujibu swali la mtihani kuhusu dalili za kimeta kwa binadamu, ambalo darasa zima lilikuwa limelikosa muhula uliopita, lakini hakuna aliyempongeza. Lemburis alikuwa baba yake mdogo kiukoo.

Gari liliondoka saa ile ile na Lemburis kwenda hospitali, na dereva akapewa maagizo ya kumleta Afisa Mifugo, mhudumu wa afya na chokaa. Sisi tulibaki kuchimba. Udongo wa Olbalbal wakati wa ukame ni kama kuchimba chungu. Wanafunzi walipokezana na vijana wa boma, mikono ikatoka malengelenge, na mzee mwenyewe alikuwa akipita kutazama kina na kusema, kupitia Naserian, "Bado. Fisi anachimba kuliko ninyi." Gari lilirudi jua likiwa limeinama. Mzoga ukaingizwa, ukafunikwa chokaa, tukafukia na kuzungushia miiba. Mhudumu wa afya aliwapa dawa wote waliokula nyama ya wa kwanza, watoto wakitangulia. Ugali ulikuwa umeshaliwa, na watoto walikuwa wanapiga kelele. Nilishukuru kuzisikia.

Tulirudi Karatu kesho yake, wiki ya mafunzo ikiwa haijaanza. Dokta aliandikia makao makuu kwamba mafunzo yamefupishwa kwa sababu zisizozuilika, akaongeza kwamba wanafunzi wamejifunza ya kutosha. Lemburis alilazwa, akachomwa sindano, akapona. Alibaki na kovu alilopenda kuwaonyesha wanafunzi wetu kila mwaka kama vile yeye ni mhadhiri wa somo hilo, na kusema kweli alikuwa.

Baada ya hapo mambo mawili yalibadilika. Kampasi ilikubaliana na idara ya mifugo ya wilaya kwamba wanafunzi wetu wawe wanashiriki kuchanja kabla ya kiangazi, badala ya kwenda kutazama vifo kiangazi chenyewe. Na wazee wa Olbalbal, ambao sisi ndio tuliokuwa tukiwafuata, walikuja wenyewe kampasini, wakiwa na shuka zao nadhifu, kuuliza tutakuja lini, na kama kuna nafasi ya wasichana wengine wawili. Nafasi ilipatikana. Bweni halikuwa na vitanda vya kutosha, ila nafasi ilipatikana.

Dokta Shekiondo alistaafu akarudi Lushoto, na hadi leo hunipigia simu kuuliza habari za hadubini kabla ya kuuliza za watoto wangu. Naserian alihitimu, akaenda kusoma zaidi, sasa ni daktari wa mifugo katika wilaya nyingine ya wafugaji. Emanueli anafundisha kwenye idara yenu. Ninyi mmeikuta kampasi ina majengo ya ghorofa, shule ya wanyamapori na utalii, ng'ombe wa maziwa wanaotazamwa na wageni, maabara yenye hadubini kila meza, na wasichana nusu ya darasa. Stoo ya kahawa mmeifanya ukumbi wa mikutano. Msidhani majengo haya yalitangulia. Yalikuja nyuma ya watu waliokubali kulima kabla ya kuuliza, na kushusha chakula chao wakarudi na njaa. Nimefanya kazi na watu wengi wenye akili, lakini nilibahatika zaidi kufanya kazi na watu wema, mahali pamoja, kwa muda mrefu. Sidhani kama ningepata mahali bora.

Nimalizie na jambo la mwezi uliopita, kwa sababu linawahusu.

Nilikuwa nyumbani Qurus nachambua mbaazi, jirani yangu Baba Gadiye akaja mbio. Ng'ombe wake alikuwa amevunja uzio akaingia kwenye maharage mabichi, na tumbo limejaa hewa kama ngoma. Nilijifunga kanga vizuri nikamfuata. Tulipofika, nikakuta tayari kuna wanafunzi watatu wenye ovaroli za kampasi. Walikuwa fildi kwenye kata yetu, na mtoto wa jirani alikuwa ameshawaita. Kiongozi wao alikuwa binti mfupi, mwenye miwani, ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Ni wa kundi la kwanza kuingia kampasini baada ya mimi kustaafu.

"Shikamoo mama," akasema bila kuacha kazi. "Naomba usogee kidogo, akianguka asije akakuumiza."

Baba Gadiye akafungua kinywa amwambie mimi ni nani. Nikatikisa kichwa. Nikasogea.

Aliweka kipande cha mti mdomoni mwa ng'ombe, wenzake wakamshika kichwa. Akachukua mpira mrefu wenye tundu, akaupima kwa nje, kutoka mdomoni hadi kwenye mbavu, akaushika pale mwisho ulipofika, akaupaka mafuta ya kupikia. Aliuingiza polepole, akimwachia ng'ombe ameze. Ulipofika tumboni, hewa ikatoka kwa mlio mrefu, na harufu mnaijua. Tumbo likaanza kushuka mbele ya macho yetu. Akamimina mafuta kupitia mpira ule ule, akautoa, kisha akaja kunieleza, maana aliona nimetazama sana.

"Ni majani mabichi, mama. Yanachacha tumboni na hewa inakosa njia ya kutokea."

"Na akirudia kesho?" nikamuuliza.

"Apewe nyasi kavu kwanza kabla hajatoka. Na uzio utengenezwe." Akapunguza sauti. "Hilo mwambie wewe mama, mimi baba ataona namkaripia."

"Nitamwambia, mwanangu."

Akatabasamu, akanipa kamba. "Basi tusaidie kumtembeza kidogo, asilale."

Nikaipokea, tukaanza kutembea, ng'ombe na mimi, kuzunguka ua wa Baba Gadiye, yule binti akifuata nyuma akimsikiliza anavyopumua.